Mkanda wa Jeshi ni Tetekuwanga ya Zamani Iliyoamka

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Na kama kuna mzee nyumbani, mwite asogee karibu na redio, kwa sababu mazungumzo yetu ya leo yanamhusu mtoto, yanamhusu mama mjamzito na yanamhusu nyanya pia. Leo tunazungumzia ugonjwa unaoitwa mkanda wa jeshi.

Hebu tuanze kwa mfano. Tuseme kuna nyanya wa miaka 63. Anaishi na mwanawe, mkaza mwanawe aliye na mimba ya miezi mitano, na mjukuu wa miaka miwili. Jumatatu asubuhi nyanya anahisi ubavu wa kulia ukiwaka, kana kwamba amemwagiwa maji ya moto. Anadhani ni uchovu wa shamba, kwa hivyo anachuliwa kwa dawa ya maumivu. Jumatano, mahali palepale, unatokea upele mwekundu, na kufikia jioni umekuwa malengelenge yenye maji.

Sasa majirani wanaanza kusema. Wa kwanza anasema huo ni mkono wa mtu, aitwe mganga. Wa pili anasema mkanda huo ukizunguka mwili mpaka ncha zikutane, mgonjwa hufa. Wa tatu hasemi kwa sauti, ananong'ona tu kwamba ni ukimwi. Nyanya anaona aibu, anajifungia chumbani, anapaka majivu. Anakuja kufika kituo cha afya baada ya siku tisa. Vidonda vinakauka, lakini maumivu hayaondoki. Miezi minne baadaye bado hawezi kuvaa nguo ya kubana upande huo. Na wiki mbili tangu nyanya augue, mjukuu aliyekuwa akilala naye anatokwa na vipele mwili mzima. Ni tetekuwanga. Mkaza mwana naye sasa ana wasiwasi juu ya mtoto aliye tumboni.

Mpenzi msikilizaji, katika mfano huu hakuna aliyerogwa. Ni ugonjwa mmoja tu uliopita nyumba nzima, na sehemu kubwa ya madhara yake ingeweza kuzuiwa. Tufuatane polepole.

Mkanda wa jeshi unatoka wapi?

Mkanda wa jeshi na tetekuwanga husababishwa na virusi vya aina moja. Mtu anapopata tetekuwanga, mara nyingi akiwa mtoto, mwili wake hupigana na virusi hivyo mpaka vipele vinakauka na kuisha. Lakini virusi havitoki vyote mwilini. Vingine hukimbilia kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, karibu na uti wa mgongo na kichwani, na kulala huko. Vinaweza kulala miaka kumi, thelathini, hata sitini, bila mwenyewe kujua.

Kinga ya mwili ndiyo mlinzi wa virusi hivyo. Mlinzi akiwa macho, virusi hulala. Mlinzi akichoka, virusi huamka, hufuata mshipa mmoja wa fahamu mpaka kwenye ngozi, na kutokea kama malengelenge. Mshipa huo hupita upande mmoja tu wa mwili, kuanzia mgongoni kuja mbele. Ndiyo maana upele hujipanga kama ukanda wa askari, na ndiyo maana tukauita mkanda wa jeshi. Hata jina lake la kitaalamu, zosta, ni neno la Kigiriki lenye maana ya mkanda.

Madaktari walichukua muda mrefu kuelewa jambo hili. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari mmoja wa watoto mjini Budapest aliyeitwa von Bókay aliona kwamba watoto walipata tetekuwanga baada ya kukaa karibu na mtu mzima mwenye mkanda. Katika miaka ya 1950, Thomas Weller wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliotesha virusi vya magonjwa haya mawili katika maabara na kuonyesha kwamba ni virusi vilevile. Na mwaka 1965 daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester, Uingereza, jina lake Edgar Hope-Simpson, alichapisha habari za wagonjwa wake 192 wa mkanda aliowafuatilia kwa miaka 16. Yeye ndiye aliyeeleza wazi kwamba mkanda hauji kutoka nje. Ni tetekuwanga ya mtu mwenyewe, iliyolala, kisha ikaamka.

Kwa hivyo, mama, mtu akikwambia mkanda umetumwa na jirani, mwulize swali moja: "Je, huyu aliwahi kuugua tetekuwanga?" Jibu karibu kila mara litakuwa ndiyo, hata kama mwenyewe hakumbuki.

Nani hupata mkanda?

Yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga anaweza kupata mkanda. Nchini Marekani, ambako wamehesabu kwa miaka mingi, karibu mtu mmoja katika kila watu watatu hupata mkanda katika maisha yake. Hatari huongezeka baada ya miaka 50, kwa sababu kinga huchoka pamoja na umri. Wengine walio katika hatari ni watu wenye virusi vya ukimwi, wagonjwa wa saratani wanaopata dawa kali, waliopandikizwa figo, na wanaotumia dawa za kupunguza nguvu ya kinga kwa muda mrefu.

Dalili zake ni zipi?

Mara nyingi maumivu hutangulia upele kwa siku moja hadi tano. Mgonjwa huhisi kuchomwa, kuwashwa, kufa ganzi au kudungwadungwa kama kwa sindano sehemu moja ya mwili. Huu ndio wakati watu wanapodanganyika. Maumivu yakiwa kifuani wanadhani ni moyo, yakiwa ubavuni wanadhani ni figo, yakiwa kichwani wanadhani ni jino. Kisha upele hutokea mahali palepale penye maumivu, unakuwa malengelenge, malengelenge yanapasuka, halafu yanafanya magamba baada ya siku saba hadi kumi. Kupona kabisa kwa ngozi huchukua wiki mbili hadi nne.

Alama kubwa ya kukumbuka ni hii: mkanda hushika upande mmoja na hauvuki katikati ya mwili. Tetekuwanga hutapakaa kila mahali, kifuani, mgongoni, usoni, hata ndani ya nywele na mdomoni.

Hapa niongeze neno. Mwezi wa Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini Kenya alithibitishwa katika mpaka wa Taita Taveta, na wengine wakafuata. Mpox pia huleta malengelenge. Kwa hivyo usijipimie mwenyewe kwa macho wala kwa picha ya simu. Upele wowote wenye malengelenge na homa au maumivu makali, mwonyeshe mhudumu wa afya.

Na lile la mkanda kuzunguka na kuua?

Hilo si kweli. Mkanda kwa kawaida hauzunguki, kwa sababu mshipa wenyewe unaishia katikati ya mwili. Ikitokea upele umeenea pande zote mbili au sehemu nyingi za mwili, hiyo ni ishara kwamba kinga ya mgonjwa imedhoofika sana, na anahitaji hospitali haraka. Wengi wanaougua mkanda hawafi. Madhara makubwa hutokana na kuchelewa, na kuchelewa huko huletwa na hofu na aibu.

Pia tuache kupaka majivu, dawa ya meno, mafuta ya taa na vitu vingine kama hivyo. Malengelenge yaliyopasuka ni kidonda wazi. Ukikipaka uchafu kitaingia vijidudu vingine, kitatoa usaha na kuacha kovu baya.

Je, mkanda unaambukiza?

Swali hili ndilo linalowachanganya wengi, kwa hivyo sikiliza vizuri. Mtu mwenye mkanda hawezi kukuambukiza mkanda. Lakini maji yaliyo ndani ya malengelenge yake yana virusi vilivyo hai. Yakimgusa mtu ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga wala kuchanjwa, mtu huyo anaweza kupata tetekuwanga. Hivyo ndivyo mjukuu katika mfano wetu alivyoambukizwa.

Basi tufanyeje nyumbani? Hatumfukuzi nyanya wala kumtengea sahani kama mwenye laana. Kula pamoja naye na kuzungumza naye hakuna shida. Tunachofanya ni kufunika vidonda kwa kitambaa safi kisichobana, kunawa mikono kwa sabuni kila baada ya kuvigusa, na kutotumia taulo moja wala kulala shuka moja naye mpaka malengelenge yote yakauke. Tena tunawaweka mbali watu wa aina tatu: mtoto mchanga, mama mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, na mtu mwenye kinga dhaifu. Vidonda vikishakauka vyote, hatari hiyo imekwisha.

Tetekuwanga yenyewe huambukiza kwa urahisi zaidi, kwa sababu huenea hata kwa hewa. Mtoto huanza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla vipele havijatokea, na huendelea mpaka vyote vimefanya magamba. Dalili huonekana siku 10 hadi 21 baada ya kuambukizwa.

Mama mjamzito na mama anayenyonyesha

Akina mama, hapa tusikilizane kwa makini. Katika nchi za joto watu wengi hawapati tetekuwanga utotoni, huipata wakiwa vijana au watu wazima. Kwa hivyo kuna akina mama wengi wanaofika wakati wa kuzaa bila kinga ya ugonjwa huu.

Mama mjamzito akipata tetekuwanga anaweza kuugua sana, hasa mapafu. Akiipata katika wiki 20 za kwanza, kuna uwezekano mdogo wa mtoto kuzaliwa na kasoro. Akiipata siku chache kabla au baada ya kujifungua, mtoto mchanga anaweza kuugua vibaya, kwa sababu amezaliwa kabla mama hajamtengenezea kinga ya kumpa. Kwa hiyo, kama una mimba, hujawahi kuugua tetekuwanga, na umekaa karibu na mwenye tetekuwanga au umegusa vidonda vya mkanda, usisubiri vipele vitokee. Nenda kliniki siku hiyohiyo na ueleze. Yapo mambo ambayo daktari anaweza kufanya mapema.

Lakini kama uliwahi kuugua tetekuwanga, tulia. Kinga unayo, na unamgawia mtoto wako. Na mama mjamzito akipata mkanda wenyewe, kwa kawaida mtoto aliye tumboni hadhuriki, maana mama tayari ana kinga ndani ya damu. Aende tu akatibiwe.

Mama anayenyonyesha akipata mkanda, asiache kunyonyesha. Kama vidonda viko mgongoni au kiunoni, avifunike, anawe mikono, aendelee kunyonyesha. Kama viko kwenye titi, mtoto anyonye titi lisilo na vidonda. Lile lingine mama alikamue ili lisijae, amwage maziwa yaliyogusana na vidonda, na amwone muuguzi kwa ushauri zaidi.

Je, mkanda ni ukimwi?

Tuseme ukweli bila kuficha. Katika miaka ya 1990 na 2000, mkanda ulionekana kwa vijana wengi nchini, na wengi wao walikuwa na virusi vya ukimwi. Ndipo watu wakajifunza kuuona mkanda na kutoa hukumu. Ni kweli kwamba virusi vya ukimwi hudhoofisha kinga na kuipa nafasi tetekuwanga iliyolala kuamka. Ni kweli pia kwamba mtu mwenye umri mdogo akipata mkanda, au ukimrudia mara ya pili, anapaswa kupimwa.

Lakini mkanda peke yake si kipimo cha ukimwi. Mzee wa miaka 70 anaweza kuupata kwa sababu ya umri tu. Kijana anaweza kuupata naye akawa hana virusi. Kipimo cha damu ndicho kinachosema, si jirani. Na ukipimwa ukakutwa na virusi, mkanda utakuwa umekusaidia kujua mapema. Dawa za ARV hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali, na anayezimeza vizuri huishi maisha marefu. Wapo ambao hupata mkanda miezi michache baada ya kuanza dawa hizo, kwa sababu kinga inaanza kuamka. Ikikutokea hivyo, usiache ARV. Rudi kliniki utibiwe mkanda, huku ukiendelea na dawa zako.

Matibabu: hesabu siku tatu

Kama ukisahau mengine yote ya leo, kumbuka hili. Tangu upele wa mkanda unapotokea, una saa 72, yaani siku tatu, za kuanza dawa ili ifanye kazi vizuri zaidi. Dawa hiyo huitwa asikloviri, na wenzake wa jamii moja. Haiui virusi vyote, lakini huvizuia kuzaana, hupunguza makali, na husaidia vidonda kukauka mapema. Mtu mzima kwa kawaida hupewa vidonge mara tano kwa siku kwa muda wa siku saba. Ni mara nyingi, kwa hivyo mlezi amsaidie mzee kukumbuka saa. Dozi hupangwa na mhudumu wa afya, hasa kwa mwenye ugonjwa wa figo, na asishauriwe dukani wala kugawana vidonge na mwingine.

Hata kama siku tatu zimepita, nenda tu. Kama malengelenge mapya bado yanatokea, au kinga ya mgonjwa ni dhaifu, au ugonjwa umeshika uso, dawa bado inaweza kutolewa. Mgonjwa pia atapewa dawa za maumivu. Nyumbani, aoge kwa maji safi na sabuni isiyo kali, ajikaushe kwa kugusagusa bila kusugua, na avae nguo laini ya pamba isiyobana.

Zipo dalili ambazo hazingoji hata siku tatu. Kama upele uko kwenye paji la uso, kwenye kope, au kwenye ncha ya pua, mpeleke mgonjwa hospitali yenye huduma ya macho siku hiyohiyo. Mshipa unaokwenda kwenye ncha ya pua ndio huohuo unaokwenda ndani ya jicho. Kipele kimoja kidogo puani kinaweza kuwa onyo la jicho linalokaribia kuharibika. Wapo waliopoteza uwezo wa kuona kwa kudhani ni chunusi. Vilevile, harakisha kama upele uko sikioni na upande mmoja wa uso umelegea, au kama mgonjwa amechanganyikiwa, shingo imekakamaa, au anashindwa kupumua vizuri.

Maumivu yanayobaki

Kwa wengine ngozi hupona lakini maumivu hubaki kwa zaidi ya miezi mitatu, wakati mwingine kwa miaka. Hii ni kwa sababu mshipa wa fahamu umejeruhiwa. Huwapata hasa wazee. Hata upepo au shuka ikigusa mahali hapo, mtu huruka kwa maumivu. Mlezi, usimwambie nyanya anajidekeza kwa sababu huoni kidonda. Maumivu yake ni ya kweli.

Dawa za kawaida za maumivu mara nyingi hazitoshi hapa. Daktari anaweza kumpa dawa kama amitriptilini, inayomezwa usiku. Dawa hii hutumika pia kwa watu wenye ugonjwa wa huzuni, na wengine wakisikia hivyo huitupa wakidhani wameitwa wendawazimu. Sivyo. Kwa kiasi kidogo, dawa hiyo hutuliza mshipa wa fahamu. Haifanyi kazi kwa siku moja, kwa hivyo mgonjwa awe na subira na arudi kliniki kwa tarehe aliyopewa.

Mtoto akipata tetekuwanga

Watoto wengi wenye afya hupona tetekuwanga kwa wiki moja au mbili. Mkate kucha ili asijikune na kupata usaha. Mwogeshe kila siku, maana si kweli kwamba maji huharibu vipele. Mpake losheni ya kalamini kupunguza muwasho, mpe maji ya kunywa kwa wingi, na homa ikipanda mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Usimpe mtoto aspirini, kwa sababu inaweza kudhuru ini na ubongo wake, na usimpe ibuprofeni bila ushauri wa daktari. Abaki nyumbani, asiende shule, mpaka vipele vyote vimefanya magamba.

Mkimbize hospitali akipumua kwa shida, akikataa kunywa, akilala kupita kiasi, akipata degedege, au ngozi ikivimba, ikawa moto na nyekundu. Mtoto mchanga mwenye vipele hivi aonwe na daktari mara moja.

Wapo akina mama wanaowapeleka watoto makusudi kucheza na mgonjwa ili wote waugue pamoja na kumaliza. Mama, usifanye hivyo. Huwezi kujua ni mtoto yupi atakayezidiwa, wala ni mjamzito yupi mtakayekutana naye njiani. Na kila mtoto unayemwambukiza leo, unamwekea mkanda wa uzeeni.

Kuhusu chanjo

Sasa tufike kwenye chanjo. Ziko mbili tofauti: moja ya tetekuwanga, nyingine ya mkanda.

Chanjo ya tetekuwanga ilianza na uchungu wa mzazi. Mwaka 1964 daktari Mjapani Michiaki Takahashi alikuwa akifanya kazi Houston, Marekani. Mwanawe wa miaka mitatu akaugua tetekuwanga vibaya, na yeye na mkewe wakakesha wakihofia kumpoteza. Mtoto alipona, na baba akaazimia kutafuta kinga. Aliporudi Japani alitengeneza chanjo ya virusi vilivyopunguzwa nguvu, na mwaka 1974 akatangaza matokeo yake. Marekani iliikubali mwaka 1995, na tangu hapo tetekuwanga imepungua huko kwa zaidi ya asilimia 90. Watoto waliochanjwa pia hupata mkanda kwa nadra zaidi kuliko waliougua tetekuwanga.

Hapa Kenya, chanjo hii haimo katika ratiba ya chanjo za bure za serikali. Mama nyingi hudhani sindano ya miezi tisa na ile ya miezi 18 hukinga tetekuwanga. La, hizo ni za surua na rubela. Usizikose, lakini ujue kazi yake. Chanjo ya tetekuwanga hupatikana kwa malipo katika baadhi ya hospitali na kliniki za kibinafsi. Hutolewa kuanzia mtoto afikishapo mwaka mmoja, kwa dozi mbili. Haipewi mama mjamzito wala mtu mwenye kinga dhaifu sana. Kwa hivyo mwanamke ambaye hajawahi kuugua, na ana uwezo, aulize habari zake kabla hajashika mimba, na akichanjwa angoje angalau mwezi mmoja.

Chanjo ya mkanda ni ya watu wazima. Inayotumika sana leo inaitwa Shingrix, na iliidhinishwa Marekani mwaka 2017. Haina virusi hai, kwa hivyo hata mwenye kinga dhaifu anaweza kuipata. Hutolewa dozi mbili, ya pili baada ya miezi miwili hadi sita, kwa watu wa miaka 50 na zaidi, na kwa wenye kinga dhaifu kuanzia miaka 18. Katika majaribio ilizuia mkanda kwa watu zaidi ya tisa katika kila kumi ambao wangeupata. Mkono huuma na mtu huweza kuhisi homa siku mbili tatu, kisha huisha. Haitibu mkanda uliokwisha kutokea, lakini aliyewahi kuugua anaweza kuchanjwa baada ya kupona ili usimrudie. Chanjo hii ni ghali, nayo haimo katika ratiba ya bure. Kama una mzazi mwenye umri huo na familia ina uwezo, muulize daktari kama inapatikana karibu nawe.

Najua wengi wenu mnaonisikiliza mtasema, "Hizo fedha tutatoa wapi?" Ni swali la haki. Lakini kuhesabu siku tatu ni bure. Kufunika kidonda ni bure. Kunawa mikono na kuacha uvumi ni bure.

Kabla hatujaagana

Hebu turudi kwa nyanya wetu, na safari hii tubadilishe mfano. Jumatano upele umetokea. Mkaza mwana, aliyesikiliza kipindi hiki, anaomba kuutazama akiwa mbali kidogo. Anauona uko upande mmoja. Anasema, "Mama, hii ni tetekuwanga yako ya utotoni imeamka. Twende kituo cha afya leo." Yeye mwenyewe anakumbuka aliugua tetekuwanga akiwa darasa la tatu, kwa hivyo hana hofu. Mume anampeleka mama kwa bodaboda. Alhamisi nyanya ameshaanza vidonge, ameshapimwa, vidonda vimefunikwa, na mjukuu amehamia kitanda cha wazazi. Baada ya wiki tatu nyanya yuko shambani.

Ugonjwa ni uleule, nyumba ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja alijua, na akasema mapema.

Basi tukumbushane. Mkanda hutokana na tetekuwanga ya zamani, si uchawi. Upele wa upande mmoja wenye maumivu, hesabu siku tatu. Ukiwa usoni au puani, ni leo hii. Funika vidonda, mlinde mtoto mchanga na mjamzito. Nenda ukapimwe, usihukumu.

Mweleze na jirani yako, hasa yule mwenye mzee nyumbani.